Mtambo Unafuka Moshi: Anza na Hewa, Pampu Iache Mwisho

Lalamiko linalowafikia mafundi wa mitambo kutoka saiti za barabara mkoani Kigoma, iwe Kasulu, Kibondo, Manyovu au Uvinza, huwa fupi: "Fundi, greda inafuka moshi, njoo." Ukimuuliza aliyepiga simu moshi ni wa rangi gani, anajibu "mwingi." Ukimuuliza unatoka wakati gani, anajibu "muda wote." Ukifika, unakuta pampu ya dizeli imeshashushwa, imelazwa juu ya gunia, na nozo zimo kwenye ndoo.

Mwongozo huu ni wa opareta, foremani na fundi wa saiti, ili pampu isifike kwenye gunia kabla ya zamu yake. Chanzo cha moshi mara nyingi kiko kwenye hewa inayoingia, dizeli inayomiminwa, au namna mashine inavyofanyishwa kazi. Pampu na nozo nazo huchoka, hilo halibishaniwi. Ila ndizo ghali kuliko vyote, na ukizifungua bila sababu umejitafutia safari ya Mwanza au Dar es Salaam kwenda kuzipima, huku siku za mkataba zinakwenda.

Rangi gani, na wakati gani

Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa ipate joto kali, nozo inarushia humo dizeli iliyopasuliwa kuwa ukungu, na ukungu huo unawaka wenyewe. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa, ikaungua nusunusu na kuacha masizi. Moshi mweupe maana yake dizeli imepita bila kuwaka, au kuna maji yaliyogeuka mvuke. Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua.

Wengi huchanganya mweupe na wa bluu. Simama jua likiwa mgongoni kwako, uutazame moshi mbele ya kitu cheusi kama miti. Ukiwa bado na shaka, funga karatasi nyeupe kwenye fimbo ndefu, uiweke mbele ya eksozi kwa muda mfupi: masizi makavu, unyevu unaonuka dizeli na matone ya oili havifanani. Usitumie mkono. Na usifanye haya ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kabla ya kugusa spana, pata jibu la swali moja zaidi: ni nini kilifanyika kwenye mashine siku chache kabla ya moshi kuanza? Ilijazwa dizeli kutoka wapi? Ilifanyiwa sevisi? Ilibadilishiwa opareta? Jibu la swali hili humaliza kesi nyingi kabla hata boneti haijafunguliwa.

Moshi mweusi mashine ikiwa na mzigo

Wingu moja jeusi la moshi opareta anapokanyaga ghafla, kisha likakatika, ni kawaida kwa injini za zamani zenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), kwa sababu dizeli hufika kabla turbo haijashika mwendo. Tatizo ni moshi usiokatika.

Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni ea klina, yaani chujio la hewa ya injini. Kiangazi cha Kigoma, kuanzia Juni hivi hadi mvua zirudi, vumbi jekundu la barabara ya Kasulu na Kibondo linaingia kila tundu, na greda inayofuata nyuma ya malori inakula vumbi hilo kutwa nzima. Tazama kiashiria kilicho kwenye bomba la ea klina. Kikionyesha nyekundu, injini inakosa pumzi. Kama kiashiria kimevunjika, na mara nyingi kimevunjika, nunua kipya. Ni kitu kidogo sana kwa bei ukikilinganisha na kinachokuepusha nacho.

Zima injini, fungua kopo la ea klina, toa elementi ya nje, yaani karatasi ya kuchujia. Usiigonge kwenye tairi wala kwenye mnyororo. Unapoigonga unapinda mdomo wake na kuharibu mpira wa kuzibia, na kuanzia hapo vumbi litapita pembeni badala ya kuchujwa. Ukilazimika kuipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa hewa ya presha isiyozidi psi 30. Kompresa ya saiti ikiachwa wazi inatoa psi 100 au zaidi, na hiyo inatoboa karatasi. Ukimaliza, ingiza taa ndani ya elementi mahali penye giza: ukiona nukta ya mwanga, hata moja, tupa. Elementi ndogo ya ndani haipulizwi kamwe. Hubadilishwa. Minya pia kidomo cha mpira kilicho chini ya kopo ili vumbi lidondoke, na kama juu kuna bakuli la kunasa vumbi, limwage kabla halijajaa.

Kosa la upande wa pili ni kufungua ea klina kila asubuhi "kwa usalama." Kila ukifungua, vumbi kidogo huangukia upande safi. Fuata kiashiria, usifuate wasiwasi.

Onyo: wapo wanaotoa ea klina kabisa na kuendesha mashine ili "kuona kama moshi utapungua." Moshi unaweza kupungua kweli. Lakini vumbi linaloingia katika muda huo mfupi ni msasa kwa ringi (pete za pistoni) na mapanga ya turbo, na hesabu yake utaiona baadaye kwenye moshi wa bluu. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa elementi mpya.

Ea klina ikiwa safi, fuata njia ya hewa baada ya turbo. Hosi za mpira zinazopeleka hewa kwenye injini hupasuka upande wa chini usioonekana, na klempu hulegea kwa mtikisiko. Dalili ni sauti ya kuvuja hewa injini ikiwa na mzigo, pamoja na alama ya oili iliyochanganyika na vumbi kwenye kiungo. Zima, pitisha mkono kila upande wa hosi, kaza klempu. Mashine zenye kipoozeo cha hewa mbele ya rejeta nazo hufunga kwa matope na majani. Kioshe kwa maji ya presha ndogo.

Turbo yenyewe ikaguliwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Toa bomba la kuingizia hewa, zungusha gurudumu kwa kidole. Linatakiwa lizunguke bila kukwaruza. Likigusa ukuta, au panga likiwa limelika au kuvunjika, acha hapo hapo. Usiwashe tena, kwa sababu vipande vitaingia kwenye silinda. Na usipeleke mkono mdomoni mwa turbo injini ikiwa inanguruma, wala mara tu baada ya kuizima, kwa sababu gurudumu huendelea kuzunguka.

Njia ya hewa ikiwa salama, tazama mzigo. Mafundi wengi hatua hii huiruka, maana hakuna cha kufungua. Mnyororo wa katapila uliokazwa kupita kiasi na kujaa udongo wa mfinyanzi wakati wa masika unakula nguvu nyingi. Breki ya loda inayoshika kidogo, vivyo hivyo. Greda inayolazimishwa kupanda kwa gia kubwa itafuka hata ikiwa mpya. Kwa ekskaveta, pandisha mwendo wa injini bila kugusa lever yoyote: kama moshi ni safi, kisha ukijaza ndoo unakuwa mweusi na injini inaelemewa, huenda tatizo liko kwenye hidroliki (mfumo wa oili ya presha unaosukuma ndoo), labda mtu ameongeza presha ya vali ya usalama ili ndoo ichimbe kwa nguvu zaidi. Presha hiyo hupimwa kwa geji na fundi wa hidroliki. Haikisiwi kwa kuzungusha skrubu.

Hapa lazima tuseme kuhusu milima, maana inasingiziwa sana. Ni kweli hewa inapungua ukipanda. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu imepita mita 1,200. Tofauti hiyo inapunguza hewa kwa karibu asilimia 5. Injini isiyo na turbo itahisi kidogo, moshi utakolea kidogo. Lakini greda iliyokuwa safi Ujiji haiwezi kutia giza barabara nzima Kasulu kwa sababu ya asilimia 5. Ukiambiwa "ni milima tu," rudi kwenye ea klina.

Baada ya hapo ndipo nozo zinapoingia. Nozo iliyochoka haipasui dizeli kuwa ukungu. Inadondosha matone, na tone haliungui lote. Mara nyingi huambatana na injini kugonga au kutetemeka ikiwa imetulia bila mzigo. Njia salama ya kutafuta silinda yenye kasoro ni kipimajoto cha kuelekeza: pima joto la kila tawi la eksozi karibu na silinda hedi (kifuniko cha silinda) mara injini inapowaka, na lile lililo tofauti sana na wenzake ndilo la kufuatilia. Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi mzoefu hulegeza kidogo nati ya bomba la nozo moja moja na kusikiliza: silinda nzima ikikatwa, mwendo wa injini hushuka, mbovu ikikatwa, hakuna kinachobadilika.

Onyo kubwa: usifanye hivyo kwa injini za kisasa zinazotumia bomba moja la presha kwa nozo zote. Humo presha inaweza kupita bar 1,600. Mchirizi wake hauonekani vizuri kwa macho, unapenya glovu na ngozi. Kama unatafuta mvujo, pitisha kipande cha kadibodi, kamwe usipitishe mkono. Mtu akichomwa na dizeli ya presha, hata kama kidonda ni tundu dogo lisiloumiza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha. Saa kadhaa baadaye tundu hilo linaweza kumgharimu kidole au mkono.

Nozo zikishatolewa, zipimwe kwenye mashine ya kupimia. Kuzisugua kwa brashi ya waya na kuzirudisha ni kuharibu tundu lake kwa mkono wako mwenyewe.

La mwisho kwenye moshi mweusi ni pampu iliyochezewa. Skrubu ya kiwango cha dizeli hufungwa kwa waya na sili kiwandani. Ukikuta sili imekatwa, mtu aliwahi "kuiongezea nguvu" mashine ili ipande mlima. Nguvu inapatikana kwa muda, pamoja na moshi na joto la eksozi linaloweza kuyeyusha pistoni. Usijaribu kurudisha kwa kukisia. Hii ni kazi ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Taimingi (wakati wa kurusha dizeli) iliyochelewa na tapeti (visukuma vali) zisizo na nafasi sahihi huleta moshi pia, lakini ni nadra kama hakuna aliyefungua injini.

Moshi mweupe asubuhi

Juni na Julai, milima ya Kasulu na Buhigwe huwa na asubuhi za baridi. Injini ikifuka mweupe kidogo baada ya kuwashwa na ukakatika inapopata joto, iache. Usipokatika mapema, kagua mfumo wa kupasha joto, yaani plagi za kupasha au hita ya hewa. Nyaya zilizolika na plagi zilizokufa ni jambo la kawaida kwa mashine zilizokaa mvua nyingi.

Kuna zoea jingine la kwetu linalosababisha moshi huu: kutoa thamostati, vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Injini ikichemka mara moja, fundi anaitoa na kuitupa ili "maji yazunguke vizuri." Matokeo yake injini haifikii joto lake hata saa nne asubuhi, dizeli haiungui vizuri, eksozi inatoa moshi mweupe unaowasha macho, na oili inachafuka upesi. Kama geji ya joto haipandi kwenye eneo lake la kawaida mashine ikiwa kazini, fungua nyumba ya thamostati uone kama imo. Na kama injini huchemka ikiwa nayo, tatizo liko kwenye rejeta au pampu ya maji. Litafutwe huko.

Onyo: usipulizie dawa ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za kupasha au hita ya hewa. Inalipuka ndani ya bomba la hewa. Kitambaa kilicholowa petroli mdomoni mwa ea klina ni hatari zaidi, ingawa utaona wanaofanya.

Moshi mweupe unaowasha macho, kutwa nzima

Huu ni dizeli inayopita bila kuwaka. Anza na maji kwenye dizeli. Saiti nyingi za mbali hupelekewa dizeli kwa mapipa ya lita 200. Pipa likiwa limesimama mvuani, maji hutuama juu kwenye bati, na usiku pipa linapopoa huvuta hewa pamoja na maji hayo kupitia kizibo kisichokazwa. Pipa lilazwe, au liinamishwe ili vizibo viwe juu ya usawa wa maji. Mrija wa kunyonyea usifike chini kabisa ya pipa. Tangi la mashine lijazwe jioni, lisiachwe nusu, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kutoa matone usiku. Na kila asubuhi, kabla ya kupiga stata, fungua koki ya kitenga maji mpaka itoke dizeli tupu.

Kipimo rahisi: chukua dizeli kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie kwa saa kadhaa. Maji na uchafu hukaa chini, dizeli juu.

Kisha dizeli iliyochanganywa. Biashara ya kutia mafuta ya taa kwenye dizeli ilikuwa kubwa nchini hadi serikali, mwaka 2011, ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo ilikuwa imeanza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka mmoja kabla. Ulaghai umepungua, haujaisha, hasa kwa dizeli inayouzwa kwa madumu kando ya barabara. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi, kwa hiyo pampu inakwaruzika. Mashine inapoanza kufuka na kukosa nguvu mara tu baada ya kujazwa, toa dizeli yote, badilisha filta, jaza kutoka kituo kinachojulikana, kisha uangalie upya kabla ya kuita mtu.

Kwa kuwa tuko Kigoma, mtu atauliza kuhusu mawese. Ni kweli kwamba kwenye maonesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wabishi hupenda kulitaja jambo hilo. Lakini mawese ghafi ni mazito, huganda kukiwa na baridi, na huacha utando mgumu kwenye nozo. Yabaki jikoni.

Hewa kwenye njia ya dizeli ndiyo inayofuata. Dalili ni injini kukohoa, kupanda na kushuka mwendo, na kuwaka kwa shida baada ya kulala. Kaza viungo kuanzia tangi hadi fidi pampu, ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Upande huo hunyonya, hivyo unaweza kuingiza hewa bila kumwaga tone. Ukiweka kipande cha hosi inayoonyesha ndani kwenye njia ya kurudi, utaona povu.

Kama hayo yote ni safi na moshi unaendelea, hasa ukiambatana na uwakaji mgumu, inabaki taimingi au kompresheni (nguvu ya kubana hewa kwenye silinda) iliyoshuka. Kompresheni hupimwa kwa geji ya dizeli, siyo ile ya petroli ambayo itapasuka. Linganisha na kitabu cha injini yako, na zaidi linganisha silinda kwa silinda: moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, imeshajieleza. Kuanzia hapo ni kazi ya kufungua injini, na haifanyiki chini ya mwembe kukiwa na upepo wa vumbi.

Moshi mweupe unaopotea hewani

Ukiwa mzito, hauwashi macho, una harufu ya utamu na unayeyuka upesi, ni mvuke. Maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Kagua injini ikiwa baridi. Kiwango cha maji kinashuka kila siku bila tone chini? Chomoa stiki ya oili: oili imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa? Fungua kifuniko cha rejeta ingali baridi, washa injini, tazama kama kuna mapovu yasiyokoma. Moja tu kati ya hayo linatosha kukusimamisha. Huenda ni gasketi ya silinda hedi, hedi yenyewe imepasuka, au silinda imetoboka. Oili ikiwa imechanganyika na maji lakini eksozi ni safi, kipoozeo cha oili nacho kichunguzwe.

Onyo: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maji yaliyo chini ya presha yanaruka usoni. Na usijaribu "kumalizia siku" kwa kuongeza maji kila saa. Maji yakijaa kwenye silinda wakati injini imezimwa, asubuhi ukipiga stata pistoni inakutana na kitu kisichobanika na konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Kazi iliyokuwa ya gasketi inageuka ya injini nzima. Mashine ivutwe, na aitwe fundi wa injini.

Moshi wa bluu

Anza na kilicho bure: stiki. Simamisha mashine mahali pa tambarare, ngoja oili ishuke, pima. Oili iliyozidi hupigwa na kranki (shafti kuu ya injini) na kurushwa hadi inakoungua. Ikiwa imezidi kwa sababu mtu amejaza kupita kiasi, punguza. Ikiwa imepanda yenyewe bila kuongezwa, inuse. Ikinuka dizeli, kuna nozo au pampu inayovujisha ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Usiwashe tena, kwa sababu oili nyepesi inaua beringi na inaweza kuifanya injini ipae, jambo tunalolifikia hivi punde.

Halafu angalia pumuo la injini, njia inayotoa gesi za ndani. Likiziba kwa vumbi na oili, presha ya ndani inasukuma oili kutafuta njia, na njia mojawapo ni kwenye silinda. Kusafisha ni kazi ya dakika chache.

Turbo inafuata. Toa hosi inayotoka turbo kwenda kwenye injini. Unyevu mwembamba wa oili si ajabu. Oili iliyotuama ni tatizo. Kabla ya kununua turbo, hakikisha bomba lake la kurudishia oili halijaziba wala kupinda, na hakikisha ea klina haijafunga, maana ea klina iliyofunga huifanya turbo inyonye oili kupitia sili zake. Turbo nzima zimetupwa kwa makosa haya mawili.

Wakati unaotoka moshi unasaidia kutenganisha yaliyobaki. Wingu la bluu unapowasha asubuhi, kisha safi: sili za vali, oili ilidondoka usiku. Bluu unapokanyaga baada ya kuteremka mlima mrefu kwa breki ya injini: gaidi za vali (vijibomba ambamo vali huteleza). Bluu muda wote na unazidi ukiongeza mzigo: ringi na silinda. Kwa hili la mwisho, legeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imetulia, kichwa chako kikiwa mbali. Pumzi nyepesi ni kawaida. Kama kifuniko kinaruka na moshi unatoka kwa kishindo, gesi zinapita kwenye ringi. Pima kompresheni kuthibitisha, kisha panga ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifufua. Kuweka oili nzito au "dawa ya moshi" kunaficha tatizo wiki chache tu.

Ringi zinapolika mapema kwenye mtambo usio na saa nyingi za kazi, mwenye saiti aulize vumbi lilipitia wapi. Bila kuziba njia hiyo, ringi mpya zitakwisha vilevile.

Kuna na injini zinazoachwa zikinguruma bila mzigo kutwa nzima, opareta akijipumzisha kwenye kibanda chenye kipoza hewa. Injini hiyo haipati joto, ringi hazibanwi vizuri ukutani, oili na dizeli isiyoungua vinajikusanya kwenye eksozi na kudondoka vyeusi. Ipe mzigo wa kweli kwa muda kisha uangalie tena. Mara nyingi inajisafisha.

Moshi uliokuja mara baada ya sevisi

Usitafute mbali. Elementi ya ea klina ya ukubwa usio sahihi, kitambaa kilichosahaulika ndani ya bomba la hewa (hutokea), oili ya daraja lisilo lake au iliyozidi, filta ya dizeli iliyofungwa bila kutolewa hewa, hosi ya turbo isiyokazwa. Rudi hatua kwa hatua kwenye kila kilichoguswa.

Injini inapaa yenyewe

Moshi mzito unatoka, mwendo unapanda bila mtu kukanyaga, na ufunguo ukizimwa injini haizimiki. Hii ndiyo dharura pekee kwenye mwongozo huu isiyosubiri fundi. Injini inakula oili yake yenyewe kupitia turbo au pumuo, na kukata dizeli hakuisimamishi. Ondoa watu kwanza. Kama unaweza kufika salama kwenye mdomo wa kuingizia hewa, uzibe kwa ubao mpana au bati nene, au puliza humo kizima moto cha gesi ya kabonidioksidi (CO2). Usizibe kwa mkono, wala kwa kitambaa, maana kitamezwa. Kama huwezi kufika, kaa mbali upande usioelekea feni na turbo, uiache. Injini inaweza kupasuka. Mtu hana ovahoo.

Mashine zenye kompyuta

Ekskaveta na loda mpya zina sensa na kompyuta, na baadhi zina kichujio cha masizi ndani ya eksozi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi, na wakati huo mashine inaweza kutoa moshi hafifu na joto kali sana. Usiikatishe, na usiiegeshe juu ya majani makavu. Hewa, dizeli na mzigo hukaguliwa vilevile kama kwa mashine za zamani. Lakini taa ya injini ikiwaka, andika namba ya kosa kabla ya kuchomoa betri, kwani kuichomoa kunaweza kufuta ushahidi. Hapo aitwe fundi mwenye kifaa cha kusomea. Kukata kichujio cha eksozi kwa grainda hakutibu. Kompyuta itajua na itapunguza nguvu ya injini.

Ukimpigia fundi, mwambie: aina ya mashine na saa zilizoko kwenye mita, rangi ya moshi, unatoka ikiwa baridi au ya moto, ikiwa na mzigo au bila, oili na maji yanapungua kiasi gani kwa siku, kiashiria cha ea klina kinasemaje, na dizeli ya mwisho ilitoka wapi. Mtumie video ya moshi iliyopigwa asubuhi ya kwanza kuwasha na nyingine mashine ikiwa kazini. Na pampu iwe bado imefungwa mahali pake.